Maswali yenu ya Pemba, nayajibu kama yalivyokuja

Safari hii maswali ya Pemba yamekuwa mengi kuliko ya Unguja na mi nimefurahi, maana watu wengi wakisikia Zanzibar akili inaishia Nungwi na Forodhani, Pemba wanaijua kwa karafuu na kwa hadithi za uchawi basi. Haya twende.

Shikamoo. Nipo Dar, nina siku nne tu za likizo. Nipande boti au ndege?

Marahaba. Kwa siku nne kama mfuko unaruhusu panda ndege, ushuke Chake (mji wa Chake Chake), mchana huohuo ushaanza kutembea. Boti ya Dar kwa kawaida unashukia Unguja kwanza alafu unaunganisha nyingine ya kwenda bandari ya Mkoani, Pemba, na ratiba hazikubaliani kila siku, ukikosa ya kuunganisha umelala Malindi, palepale bandarini Unguja, na siku yako moja imeliwa hivyo.

Ukiamua boti, sikiliza. Mkondo wa Nungwi sio wa kuuchezea. Mara yangu ya kwanza nlikunywa chai bandarini na maandazi matatu, nikajiona mjanja nacheka na wenzangu, tulivyoacha ncha ya Unguja tu na bahari ikawa wazi maandazi yote yakarudi. Mama mmoja alokaa pembeni yangu hakusema kitu, akafungua mkoba akakata ndimu kwa kucha akanipa ninuse, ndo akanambia "tazama kule mbali mwanangu, usitazame chini". Ikanisaidia kweli. Kwahiyo meza dawa ya kichefuchefu kabla hamjang'oa nanga sio ukishaanza kutapika, kaa katikati ya chombo, na usikae na njaa wala usishibe sana. Kitambulisho beba, tiketi wanaandika jina lako.

Na ukifika bandarini ukaona chombo kimejaa watu na mizigo mpaka hakieleweki, usipande, hata kama tiketi ushalipa. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 ikienda hukohuko Pemba, ilikuwa imebeba kupita uwezo wake. Pesa ya tiketi inatafutwa.

Mwezi gani mzuri?

Epuka masika, mwishoni mwa Machi mpaka Mei, unalipia chumba unaangalia mvua dirishani. Juni mpaka Septemba kuna upepo wa kusi, hewa ni tamu ila bahari inachafuka. Desemba mpaka Februari ni kaskazi, joto kali. Mi napenda Julai kuendelea kwa sababu karafuu zinaanza kuchumwa, unapita barabarani unakuta zimeanikwa kwenye majamvi na harufu inaingia mpaka ndani ya daladala. Majamvi yenyewe usiyakanyage ukipiga picha, hiyo ni ada ya shule ya mtu.

Kaka, nimempata mtu wa boti wa kunipeleka kisiwa cha Misali. Juzi kasema tuondoke saa mbili asubuhi, jana nikamwambia nasogeza siku moja mbele, akasema basi saa tatu kasoro. Ananichezea huyu?

Hapana dada, huyo ni mkweli, shikamana nae. Ulivyosogeza siku na maji yamesogea. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku na kila siku inachelewa kama dakika 50 hivi, kwahiyo aliehesabu saa mbili leo kesho lazima ahesabu saa tatu kasoro. Ukimlazimisha mtoke saa unayotaka wewe mtakuta maji yameshatoka, boti imekaa kwenye mchanga, na wewe unatembea na viatu mkononi kwenye mawe yenye wale wadudu weusi wa miiba, ukimkanyaga mmoja ndo utajua mwenyewe.

Watu wa bara hili ndo tunalikosea sana, tunapanga Pemba kwa saa ya ukutani. Kabla hujapanga tarehe angalia mwezi. Mwezi mchanga na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na yanatoka mbali sana, tofauti inaweza kufika kama mita nne. Katikati hapo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Ukitaka kutembea kwenye mchanga mpana kuokota makombe na picha, njoo bamvua maji yakipwa. Ukitaka kuogelea tu bila purukushani njoo siku za maji mafu.

Misali boti nyingi zinatokea Wesha, karibu na Chake. Ni hifadhi kwahiyo kuna kiingilio, na usichukue hata kombe. Hujui kuogelea? Vaa jaketi la kuokolea kuanzia nchi kavu, wala usione aibu, nje ya hapo ndo mkondo wa Pemba na kina chake kinapita mita 800. Wenyewe wanasema jina limetokana na msala, yani mkeka wa kuswalia, kwamba Nabii Khidhri alikitumia kisiwa kama msala akaswali juu yake. Muulize nahodha akuhadithie, nlivyosikia mimi ilichukua safari nzima ya kwenda.

Naweza kuvaa kaptula? Na bia zipo?

Ufukweni kwenye hoteli vaa utakavyo. Mjini Chake, Wete, Mkoani funika mabega na magoti, dada zangu kanga moja begani inamaliza kesi. Bia nje ya hoteli chache za wageni usihangaike. Ukienda Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana, hata maji. Futari yake lakini, mh.

Nataka kurudi na karafuu kilo kumi nigawe zawadi, nasikia huko bei rahisi.

Usithubutu. Mnunuzi wa karafuu Zanzibar ni ZSTC, shirika la serikali, na kuzitoa kisiwani kimagendo ni kosa, watu wanashikwa kila msimu. Nunua kipakiti cha dukani na risiti yake. Au nunua mafuta, pale Wawi karibu na Chake kuna kiwanda cha makonyo, yani vile vikonyo vya karafuu vinakamuliwa mafuta, kichupa kimoja nguo zote kwenye begi zinanukia mpaka unafika nyumbani.

Kuna vijito na mabwawa mazuri huko vijijini, watoto wanaruka, nami niruke?

Kaa pembeni piga picha. Pemba ina kichocho, na kichocho kinakaa kwenye maji baridi, yani yasiyo na chumvi, kinaingia kwa ngozi hata hujanywa tone. Chumvi ya bahari haina hilo tatizo, ogelea baharini mpaka uchoke. Kama ushaoga kijitoni na baada ya wiki kadhaa unaona mkojo una damu nenda kapime, dawa yake ipo. Malaria imepungua sana Zanzibar lakini chandarua shusha.

Popo wa Pemba nawaona wapi, na kuna ATM?

Kidike, kati ya Chake na Wete, nenda jioni jua linapozama wakianza kuruka, ni wakubwa kweli na hawapatikani porini kokote duniani isipokuwa Pemba. Msitu wa Ngezi wapo pia ila wasikilize walinzi, msituni usiingie peke yako.

ATM toa pesa Chake kabisa kabla hujaelekea kaskazini, Konde na ufukwe wa Vumawimbi, mwenye boti na muuza pweza wote wanataka keshi.