Jibu: Jengo gani la kisasa Afrika limekuacha mdomo wazi?
Ndugu yangu, umeuliza ni jengo gani la kisasa hapa Afrika linalovutia bila kutegemea vioo na viyoyozi. Langu ni shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Aliyeichora ni Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji hicho hicho, ambaye mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, ile tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani.

Kuta ni matofali ya udongo uliotiwa saruji kidogo, na wanakijiji wenyewe walishiriki kujenga. Bati halikulazwa juu ya dari. Limeinuliwa kwa nondo, upepo unapita katikati na kuondoka na joto. Aliyewahi kusoma chini ya bati saa nane mchana atanielewa.

Ila kinachonimaliza kabisa ni dari ya maktaba yao. Vyungu vya udongo, vile vile vya nyumbani, vilikatwa vikapangwa, zege likamwagwa kuvizunguka. Sasa kila chungu ni tundu la mwanga na la kutolea joto. Tafuta picha uone vile viduara vya jua vilivyotawanyika sakafuni, vikubwa kwa vidogo.