Kipi ujifunze sasa, kipi kisubiri

Vijana wakimaliza skuli huniuliza wasome kozi gani huku wakisubiri kazi. Kompyuta? Kitaliano? Jibu langu huwaudhi: kama huna pa kukitumia, usikilipie ada. Vyeti vya kompyuta nimeviona ukutani, vimetiwa fremu, na mwenyewe ukimwambia apange orodha ya bei anakodoa macho. Akipata kazi dukani atajua ndani ya wiki, tena bure.

Umeme ulipokatika Unguja nzima, Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu ya waya unaopita chini ya bahari, nilikuwa na duka la fotokopi na sijui lolote kuhusu jenereta. Nikajifunza papo hapo: kufungua plagi ya injini na kuisugua msasa, kusafisha kabureta, kuutambua mlio wa petroli iliyotiwa maji. Giza lilikaa miezi mitatu, nafasi ya kujifunza ilikuwepo.

Bahari haitoi nafasi hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama usawa wa Nungwi, kaskazini ya Unguja, ikielekea Pemba, imejaza kupita kiasi. Mamia walikufa. Miongoni mwa walionusurika wapo walioshikilia magodoro mpaka kukapambazuka. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote. Mkondo wa pale si mchezo, na lawama ni ya waliopakia. Ila chombo kikishalala ubavu hakuna atakayekufundisha kuelea.

Basi mimi hujiuliza: haja ikinijia, itaningoja? Moto wa gesi jikoni haungoji. Mtoto aliyepaliwa hangoji. Hayo jifunze ukiwa huna shida nayo.

Ajabu, sisi watu wa visiwani wengi wetu hatujui kuogelea, hasa kina mama, na sababu inayotajwa ni stara. Nungwi wapo wanawake waliofundishwa wakiwa wamevaa nguo za kujisitiri mwili mzima, kwa hiyo hilo lina dawa.

Usianze na kupiga mikono. Anza kuelea chali: maji ya kiunoni, mwenzio akushike mgongoni, kichwa ukilaze mpaka masikio yazame, pumzi ujaze kifuani, tumbo uliinue. Ukikaza shingo unazama miguu. Chagua ufuo wa mchanga maji yakianza kujaa, maana yakitoka yanakuvuta nje, na usiende peke yako.