"Bildeler" nilikate wapi?

SWALI: Ninafanya kazi kwenye gereji karibu na Oslo. Nikiagiza spea, neno bildeler nalisoma "bilde-ler", wenzangu wanabaki kunitazama. Haya maneno marefu ya Kinorwei yanakatwaje, na mkazo unakaa wapi?

JIBU: Ndugu, jicho lako limekutana na bilde, yaani picha, likaridhika. Maneno yaliyoungana hapo ni bil, gari, na deler, sehemu. Silabi zake ni bil-de-ler, na siri yote imo kwenye ile i. Katika bilde ni fupi kwa kuwa inafuatwa na konsonanti mbili. Katika bil ni ndefu: ivute, "biil". Ikiungana na deler haifupiki, maana mpaka wa maneno umepita kati ya l na d, na bil inabaki na matamshi yake ileile. Basi tafuta kwanza maneno yanapoungana, ndipo uhesabu silabi.

Mkazo ndio unaotuponza zaidi sisi tuliokulia kwenye Kiswahili. Sikiliza unavyosema batamzinga: uzito wote uko kwenye -zi-, bata anapita tu. Kinorwei ni kinyume. Neno la kwanza hubeba mkazo mkuu, la pili hubaki na mkazo mdogo: BIL-deler. Ukiuhamishia kwenye -de-, msikilizaji anashika "sehemu", gari halisikii.

Kuna mtego mwingine ninaokutana nao kwa wanafunzi wangu karibu kila mwaka: vinglass, bilauri ya mvinyo. Ng ya Kinorwei kwa kawaida ni ile ya ng'ombe, na ving hukumbusha vinge, bawa. Hata lass lipo, shehena. Lakini hapa ni vin na glass. N ibaki kwa vin, g ianze glass, na i ivutwe kama ya bil.

Ukikuta s katikati, kama arbeidsplass, mahali pa kazi, hiyo ni gundi tu, na hukaa na neno la kwanza: arbeids-plass.

Kwenye maandishi, angalia nattog, treni ya usiku. Ni natt na tog, lakini Kinorwei hakiandiki konsonanti tatu zinazofanana mfululizo, kwa hiyo t moja imeangushwa. Ukilazimika kulikata mwisho wa mstari, irudishe: natt-tog.