Mbona Mahakama ya Kanisa inatuhoji mmoja mmoja, na huyu mtetezi anampinga nani?

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Nimefungua shauri la ubatili wa ndoa yangu, yaani naomba itamkwe kwamba haikuwa halali tangu mwanzo, katika Mahakama ya Kanisa jimboni kwetu. Nilidhani tungesimama sote wawili mbele ya majaji, kila mtu aseme ya kwake. Kumbe niliitwa peke yangu kwenye chumba kidogo, nikaapa, padre akauliza maswali huku mwingine anaandika. Mwenzangu aliitwa wiki nyingine. Sasa naambiwa kuna “mtetezi wa kifungo cha ndoa” atakayeandika kupinga, wakati mimi na mwenzangu tunakubaliana kabisa. Anampinga nani? Tena mjomba wangu, aliyepitia haya miaka ya tisini, anasema lazima zipatikane hukumu mbili zinazofanana, lakini notari, yule mwandishi rasmi wa mahakama, kaniambia moja inatosha. Na shangazi, shahidi wangu mkuu, yuko Sumbawanga na magoti yanamsumbua. Nifanyeje?

JIBU

Milele amina, dada. Kwanza mimi si padre. Ni mlei niliyesomea sheria za Kanisa, na nimekaa kwenye viti vya mahakama hizi miaka mingi, kwanza kama notari, sasa kama mtetezi wa kifungo. Yaani unayemlalamikia ni mwenzangu wa kazi, kwa hiyo nisome ukilijua hilo.

Nianze na shangazi, maana lake ni jepesi. Asipande basi. Mahakama yenu inaweza kuiomba mahakama ya jimbo la huko imhoji kwa niaba yake, maswali yakatumwa na majibu yakarudi yamefungwa kwenye bahasha. Wasiwasi wa kumsafirisha mtu mbali una miaka zaidi ya 800: Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu uliofanyika Roma mwaka 1215, ulikataza watu kuburutwa kwa barua za Roma kwenda kushtakiwa zaidi ya mwendo wa siku mbili nje ya jimbo lao. Kulikuwa na wajanja waliomfungulia jirani kesi mbali makusudi, ili achoke na safari akubali yaishe.

Chumba kile kidogo nacho chanzo chake ni huko huko. Mtaguso ule ule uliwakataza makleri, yaani mapadre na wenzao wa daraja takatifu, kubariki majaribio ya maji na ya chuma cha moto, yale ambayo mtu alishikishwa chuma kilichopashwa kisha kidonda kikatazamwa kama kinapona vizuri, ili ijulikane kama ana hatia. Kiswahili cha zamani kiliita hiyo nayo kiapo, neno lile lile ulilotumia ulipoweka mkono juu ya Injili. Sasa ukiondoa chuma cha moto, jaji atajuaje ukweli? Hapana budi awaulize watu. Na akishawauliza, nani atamwamini jaji mwenyewe kwamba waliyosema ndiyo hayo?

Hapo ndipo kanuni ya 38 ya Laterano ilipokuja, na kwangu mimi ndiyo kanuni nzuri kuliko zote za mtaguso ule, ingawa hakuna anayeihubiri. Inasema jaji lazima awe na mwandishi rasmi, au watu wawili wanaofaa, waandike kila kitu: wito, maombi, majibu, maswali, maneno ya mashahidi, rufaa, hukumu, pamoja na mahali, siku na majina. Wahusika wapewe nakala, asili zibaki kwa mwandishi. Sababu yake imetajwa humo humo: mtu asiye na kosa hana namna ya kuthibitisha kwamba jaji mbaya anadanganya, kwa kuwa kukanusha tu si ushahidi. Kwa hiyo yule aliyekuwa kimya pembeni anaandika hakuwepo kumsaidia padre kukumbuka. Yupo ili padre asiweze kusema ulisema usichosema.

Ndiyo maana pia, kabla hujatia saini, ulisomewa majibu yako. Kama hukusomewa, rudi ukadai. Nilipokuwa notari alikuja mzee mmoja, shahidi, kofia mkononi. Mimi niliandika kwamba bwana na bibi “walikuwa wanaishi pamoja” kabla ya ndoa. Nikamsomea. Akaweka kalamu chini. “Mwanangu, mimi nimesema walikuwa wachumba. Hayo mengine umeyatoa wapi?” Nikafuta, nikaandika upya, tukatia saini wote pembeni mwa sahihisho. Neno lile moja lingeweza kuligeuza shauri zima.

Na kwa nini mmoja mmoja? Unaikumbuka habari ya Susana katika Danieli 13, somo la Kwaresima: wale wazee wawili waliomsingizia uzinzi walitenganishwa, kila mmoja akaulizwa alimwona na mwanamume chini ya mti gani, wakataja miti miwili tofauti. Wanasheria wa zama za kati waliipenda sana habari hiyo. Na walikuwa na haja nayo, maana kesi zao za ndoa zilikuwa ngumu kuliko zetu. Tangu Papa Aleksanda III, aliyetawala kuanzia 1159 hadi 1181, kanuni ilikuwa kwamba ridhaa kwa maneno ya wakati uliopo ndiyo ndoa, hata kama hakuna padre. Mwanamume akisema “ninakuoa” na mwanamke akaitika vilevile, wameoana. Akisema “nitakuoa”, huo ni uchumba, ila wakilala pamoja baada ya hapo, umekuwa ndoa. Kwa Kilatini tofauti ilikuwa mwishoni mwa kitenzi. Sisi tungesema ni kati ya -na- na -ta-. Hebu fikiria kuwahoji mashahidi wawili pamoja, miaka sita baadaye, kuhusu silabi moja iliyosemwa zizini jioni. Wa pili angemfuata wa kwanza tu. Mtaguso wa Trento ndio uliomaliza fujo hiyo mwaka 1563, ulipodai ndoa ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu.

Sasa mtetezi.

Kwa karne nyingi hakuwepo. Ndoa ilitetewa na yeyote aliyejitokeza, au na hakuna. Kesi ya Mfalme Henry VIII inajulikana kwa mengine, lakini itazame kama mtu wa mahakama. Juni 1529, London, kwenye nyumba ya Wadominiko ya Blackfriars, wameketi majaji wawili, Kardinali Wolsey na Kardinali Campeggio. Mfalme ndiye anayetaka ndoa itangazwe batili, na Wolsey ni waziri wake. Malkia Catherine alipiga magoti mbele ya mumewe, akazungumza, akaondoka. Akaitwa arudi, hakurudi, kwa kuwa alikwisha kata rufaa Roma. Aliyesimama kuitetea ndoa ile hadharani ni Askofu John Fisher, mmoja wa washauri wa malkia. Mwisho wa Julai Campeggio aliahirisha hadi Oktoba, akisema mahakama za Roma ziko likizo. Tunaolalamikia likizo za mahakama tuna watangulizi wazito. Fisher alikatwa kichwa mwaka 1535, kwa kukataa kumtambua mfalme kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza. Utetezi wa ndoa ulikuwa unategemea ujasiri wa mtu binafsi, na wenye ujasiri wa namna ile hawazaliwi kila jimbo.

Aliyeugeuza kuwa kazi rasmi ni Papa Benedikto XIV, kwa hati Dei miseratione ya Novemba 3, 1741. Huyu, Prospero Lambertini kwa jina lake la kwanza, kabla ya upapa aliwahi kuwa yule afisa wa Roma ambaye watu humwita wakili wa shetani, kazi yake kutafuta kasoro katika madai ya utakatifu. Alijua faida ya kuwa na mtu anayelipwa kubisha. Tatizo lililomsukuma ndilo lako hasa, dada: mume na mke wanaokubaliana. Wengine walifika mbele ya jaji mmoja mzembe, mmoja akadai, mwenzake akanyamaza au hakutokea, ndoa ikatamkwa batili, kila mtu akaenda kuoa au kuolewa tena, na wengine wakarudia mchezo huo zaidi ya mara moja. Hakuna aliyekata rufaa, kwani nani angekata? Basi akaamuru kila jimbo liwe na mtetezi, na mahakama ikiendelea bila yeye iwe kazi bure. Na ndoa ikitamkwa batili, mtetezi alilazimika kukata rufaa. Hadi hukumu mbili zifanane, hakuna kuoa.

Kwa hiyo mtetezi hampingi mwenzako wala hakupingi wewe. Anaisemea ndoa, ambayo haina mdomo. Sheria inamtaka alete kila hoja ya maana dhidi ya ubatili, na neno “ya maana” lina uzito. Nikisoma jalada nikakuta sina hoja ya haki, naandika hivyo, aya mbili, nasaini. Siruhusiwi kubuni. Na kukubaliana kwenu si bure: tangu 2015 maneno ya wahusika mbele ya mahakama yanaweza kuwa ushahidi kamili, mradi jaji ayapime pamoja na dalili nyingine, wakiwemo mashahidi wa uaminifu wenu, na asikute kinachoyaangusha.

Mjomba wako hakukosea, wala notari. Sharti la hukumu mbili lilidumu, pamoja na marekebisho ya hapa na pale, hadi Desemba 8, 2015, hati ya Papa Fransisko Mitis Iudex Dominus Iesus ilipoanza kutumika. Sasa hukumu moja ya ubatili inatosha, muda wa rufaa ukipita bila mtu kukata. Mtetezi bado anaweza kukata, lakini halazimiki. Hati hiyo imeleta pia njia fupi mbele ya askofu mwenyewe, pale mnapoomba wote wawili na ushahidi uko wazi wazi. Muulize notari kama shauri lenu linafaa. Si kila makubaliano yanatosha.

Jambo moja hukuuliza: hukumu hii haivunji ndoa yako serikalini. Talaka hiyo inatolewa na mahakama ya serikali chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971.

Ushahidi ukikamilika utaitwa kulisoma jalada, maneno ya mwenzako yakiwemo. Wengi hawaendi, wanaogopa watakayoyakuta. Nenda. Chukua miwani, omba meza yenye mwanga, soma kila ukurasa, na ukikuta jambo halikusemwa linavyostahili, liandike na ulikabidhi kwa notari kabla shauri halijafungwa.