Uliza Fundi: Kalipa za Hilux kwa Datsun ya babu

Sasa mzee wa gereji. Niko South B, nina Datsun 240Z ya 1972 niliachiwa na babu, ilikaa chini ya turubai miaka mingi sana. Injini nimeitengeneza iko sawa, ikiguruma hata watoto wa ploti wanatoka nje. Shida ni breki. Juzi nimeshuka nayo Mai Mahiu ile barabara ya chini, nikikaribia kale kakanisa ka Wataliano pedali ikaanza kulegea, nakanyaga inaenda mpaka chini kabisa, nikabaki kupampu kama mtu anajaza tairi ya baiskeli. Nilisimama kwa maombi. Fundi mmoja ananiambia nitoe kalipa za mbele (zile zinabana pedi kwa diski) niweke za Hilux zenye pistoni nne, ati zinaingia tu. Mwingine anasema huo ni uongo, niagize seti mpya ya breki kubwa kutoka ng'ambo. Nimsikize nani? Pesa si nyingi. — Mjukuu, South B

Pole na hongera, kwa sababu uko hai na uko na 240Z, na hizo vitu mbili haziendangi pamoja kila wakati.

Sasa soma tena vile umeandika: pedali ilienda chini. Hapo umejijibu mwenyewe. Breki zikishika moto zinaweza kukupotea kwa njia mbili. Ya kwanza, pedi zinapata moto kupita kiasi, hapo unakanyaga pedali iko ngumu kama mawe lakini gari haisimami. Ya pili, mafuta ya breki yanachemka, yanaleta vipovu, na kipovu ni mvuke, mvuke unafinyika, so mguu unazama na hakuna kitu inafika kwa kalipa. Yako ni hii ya pili. Ukifunga kalipa za Hilux leo bila kugusa kitu ingine, utachemsha mafuta yale yale, tofauti ni kwamba utakuwa umelipa fundi.

Hebu niulize, hayo mafuta yalibadilishwa lini? Usiniambie babu ndiye anajua. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, polepole, hata kama gari imelala tu. DOT 3 (hiyo ni daraja ya mafuta, imeandikwa kwa mkebe) ikiwa mpya lazima ivumilie mpaka 205°C kabla ichemke, lakini ikishanyonya maji kiwango chake kinashuka mpaka 140°C. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikizeeka. Ukishuka ule mteremko wa Mai Mahiu na mguu juu ya breki njia nzima hizo 140 unazipita bila kujua. Mwaga yote, weka DOT 4 ya mkebe ambao haujafunguliwa, na ubadilishe kila baada ya miaka 2. Ukikuta imeandikwa DOT 5 peke yake wachana nayo, hiyo ni ya silikoni na haichanganywi na hizi zingine.

Halafu hozi za mpira. Hii watu husahau na mimi nimeshaona magari yakisumbuliwa na hii kitu miezi. Hozi ikizeeka inafura ndani, kwa nje unaiona sawa kabisa, lakini ndani imebana. Ukikanyaga presha inapita kwa nguvu, ukiachilia hairudi, pedi inabaki imeshika diski na unaendesha gari ikiwa na breki nusu bila kujua. Huo ndio moto. Pistoni ya kalipa ikishika kutu inaleta shida hiyo hiyo, na gari iliyokaa chini ya turubai siwezi shangaa. Endesha kidogo, simama, pitisha mkono karibu na kila rimu (karibu, usiguse, nilishagusa mimi nikiwa kijana na alama iko). Gurudumu moja likiwa na joto kuliko mwenzake, umempata mwizi.

Ukiwa hapo angalia nyuma. 240Z nyuma ni dramu, si diski, na lainingi (pedi za ndani ya dramu) zikiisha kidogo bila kuajastiwa, pedali inakuwa ndefu na breki za nyuma zinafika kazini zimechelewa, mbele zinabeba mzigo wote peke yake.

Haya, Hilux sasa. Huyo fundi wako wa kwanza hakudanganyi. Ni mbinu ya zamani, watu wa Z huko Marekani wameifanya miaka na miaka, na sisi hapa tuna bahati kwa sababu spea za Hilux ndio zimejaa Kirinyaga Road. Lakini "zinaingia tu" ndio sikubali. Unayotaka ni kalipa ya ile Hilux ya 4x4 ya 1979 mpaka 1985, na kwenye chuma yenyewe imeandikwa S12+8. Hiyo inafunga kwa mashimo yale yale ya bolti na inabaki na diski yako ya kawaida, ile nzima isiyo na nafasi ya hewa katikati. Kuna nyingine ya baadaye imeandikwa S12W, hiyo ni pana, inataka diski nene yenye matundu ya hewa katikati, watu hutumia ya Nissan 300ZX ya 1984 wakaweka na spesa kwa habu. Ni nzuri zaidi kwa moto lakini hapo ushaingia kwa mtu wa leithi na bajeti imeshakimbia. Nenda na tochi, soma maandishi ya chuma, usisome ya mdomo.

Itabidi ukate kile kibati cha kuzuia vumbi nyuma ya diski, na paipu ya chuma haitafika vizuri, inatengenezwa upya. Hapo tafadhali usikubali paipu ya kopa ya friji. Najua jua kali wanazitumia, najua zinakunjika vizuri, lakini zikitetemeka muda mrefu zinapasuka, na hazitapasuka ukiwa umepaki. Kalipa za mkono wa pili zifunguliwe, zisafishwe, ziwekwe sili mpya. Na kaangalie nati ya kutoa hewa: lazima iwe juu. Ukibadilisha ya kushoto ikaenda kulia itafunga vizuri tu, lakini nati itakuwa chini, hewa inabaki juu, utatoa hewa mpaka Krismasi na pedali bado ni sponji.

Kuhusu masta silinda, ile pampu pedali inasukuma, yako ni 7/8 ya inchi, na wengi hupeleka 15/16 kutoka Datsun 280ZX. Usikimbilie. Kubwa inafanya pedali iwe fupi lakini mguu unafanya kazi zaidi. Funga kalipa, jaribu, ukiona pedali ni ndefu sana ndio ununue.

Na mataya. Samahani, lakini kinachosimamisha gari ni raba ikishika lami, breki inasimamisha gurudumu tu. Kama bado uko na yale yamekuja na gari chini ya turubai, hata yakiwa na groovu nzuri, yatoe. Angalia ubavuni hapo pameandikwa DOT (ndio, herufi zile zile za mkebe wa mafuta, ni wizara ya uchukuzi ya Marekani), namba nne za mwisho ni wiki na mwaka. Zikiwa tatu tu, hayo ni ya kabla ya 2000, na sina la kuongeza.

Najua utaniambia 240Z ilishinda Safari Rally 1971 na Edgar Herrmann, tena 1973 na Shekhar Mehta, kwa nini yako ishindwe na Mai Mahiu. Zao zilikuwa na mafundi na spea zikiwangoja njiani. Wewe ulikuwa na maombi. Siku ingine shuka na gia ya tatu au ya pili, injini ikushikie, kanyaga breki kwa nguvu kidogo halafu achilia zipoe, usizipapase njia yote. Seti ya ng'ambo isahau kwa sasa. Anza na mafuta, hozi na dramu, rudi Mai Mahiu ujaribu, nafikiri hata hamu ya Hilux itapungua.

Habari fundi. Niko na Subaru Impreza WRX ya 1995, nimenunua kalipa za pistoni nne mbele, diski za 294 mm. Zimefunga poa lakini rimu zangu za 15 zinagusa. Naweza kusaga kalipa kidogo? — Mama Wawili, Umoja

Hapana mama, usisage kitu inabeba presha. Tafuta rimu za 16, na hata hizo si zote, inategemea spoki zimejipinda vipi ndani. Kata katoni ifuate umbo la kalipa, nenda nayo kwa muuza rimu, uijaribu ndani kabla utoe pesa. Ukija kutamani zile kalipa za Brembo za Subaru STI, diski za 326 mm, hapo ni rimu za 17.

Diski za mashimo mashimo ziko na maana ama ni urembo? — Kijana wa Rongai

Kwa gari ya barabarani, urembo. Shimo linapunguza chuma cha kubeba moto, na nyufa huanzia hapo. Ukitaka kitu ionekane, chukua za mistari.