Usiibadilishe Lugha, Soma Maonyo Yake

Juzi kijana mmoja anayesoma Nyegezi, hapa Mwanza, aliniandikia: "Kaka, nimejifunza PHP kwa video za zamani. Kila nikiandika mysql_query inagoma. Nihamie lugha nyingine?" PHP ni lugha ya kuandikia mifumo ya mtandaoni, na mysql_query ni amri yake ya zamani ya kuuliza hifadhidata. Nilisoma ujumbe wake mara tatu, moyo ukanirudisha Januari 2019.

Wakati huo nilikuwa na mteja mmoja wa kujivunia, mama muuza dagaa wa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Nilimtengenezea mfumo wa kuandika magunia yanayoingia kutoka visiwani na madeni ya wanunuzi wa mikoani. Niliuandika usiku, miezi minne, na ukamfanyia kazi miaka miwili bila shida. Kisha alfajiri moja akanipigia. "Mwanangu, kwenye simu naona peupe tu. Gari linapakia, na sijui nani nimemkopesha."

Peupe kweli. Kampuni iliyohifadhi mfumo ilikuwa imetoka PHP 5.6 kwenda 7, kwa kuwa huduma ya 5.6 ilikoma mwisho wa Desemba 2018. Barua pepe za tahadhari zilikuja, sikuzifungua. Na PHP 7.0, iliyotoka Desemba 2015, ilikuwa imeziondoa fanksheni, yaani amri, zote zinazoanza na mysql_. Mfumo wangu wote ulisimama juu ya hizo.

Nililalamika sana kwamba nimeviziwa. Si kweli. Mbadala wake, mysqli, ulikuja na PHP 5 mwaka 2004. Toleo la 5.5, mwaka 2013, likaanza kutoa onyo kila ulipofungua mlango wa zamani. Wasafiri wa Sengerema wananielewa: daraja la Kigongo–Busisi lilijengwa miaka kadhaa huku vivuko vikiendelea kuvusha watu, na kila abiria aliziona nguzo zikipanda majini. Mimi nguzo sikuziona kwa sababu juu ya kila faili nilikuwa nimeandika error_reporting(0), amri ya kuzima maonyo yote. Nilifumba macho kwa mkono wangu mwenyewe, ili ukurasa uonekane msafi mbele ya mteja.

Kurekebisha kulinichukua siku tisa. Siku ya nne mama alinunua daftari kubwa la kaunta. Nilipompelekea habari kwamba mfumo umepona, alisema, "Pumzika tu, mwanangu." Angenitukana ningeumia kidogo. Hadi leo nikipita Kirumba, harufu ya dagaa ikinipiga, tumbo linabana.

Miaka ya katikati siirefushi. Mwezi uliopita nilihamisha mfumo wa duka la dawa la Igoma kutoka PHP 7.4 kwenda 8.3, na asubuhi wauzaji walifungua kazi bila kujua kitu kimebadilika. Hilo najivunia, nalisema wazi. Lakini kabla ya usiku ule nilikuwa nimeujaribu wiki mbili kwenye laptopu yangu, na huko nikakuta jambo lililonitoa jasho. Orodha ya dawa za kuagiza ilikuwa tupu. Hakuna hitilafu, hakuna ukurasa mweupe.

Chanzo kilikuwa mstari mmoja uliolinganisha idadi ya dawa, ambayo ni namba, na neno "haijahesabiwa". Kabla ya PHP 8, ukilinganisha namba na neno la namna hiyo kwa ==, alama ya kuuliza kama vitu viwili ni sawa, neno liligeuzwa kuwa 0. Kwa hiyo dawa iliyoisha, yenye idadi 0, ilihesabiwa sawa na neno lile na kuingia kwenye orodha. Wauzaji wakaizoea kama orodha ya kuagiza. PHP 8.0, ya Novemba 2020, iligeuza utaratibu: sasa namba ndiyo inayofanywa maandishi, na 0 si sawa tena na "haijahesabiwa". Toleo jipya lilikuwa sahihi. Msimbo wa zamani ndio uliokuwa ukienda kwa bahati.

Nikaiandika upya sehemu ile kwa enum, yaani orodha ya thamani zilizopangwa mapema, iliyokuja na 8.1 mwaka 2021, ili hali ya dawa iwe moja kati ya chache zinazojulikana, isiwe neno la kuokoteza. Pia match ya 8.0, inayochagua jibu kwa kulinganisha kwa ukali bila kugeuza neno kuwa namba, imenipunguzia misururu ya masharti ya if. Vitu hivi havikuja kutupamba. Kila kimoja kimezaliwa na maumivu ya watu kama mimi, kikajadiliwa na kupigiwa kura kabla ya kuingizwa.

Sasa mdogo wangu wa Nyegezi, najua unachotaka, maana sote hapa Mwanza tunakitaka: kazi ya maana, mteja anayelipa, jina. Lugha usibadilishe. Hata ukihama, huko nako kuna matoleo. Waliokuwa na toleo la 2 la lugha ya Python waliachwa Januari 2020, miaka zaidi ya kumi na moja baada ya Python 3 kutoka. Kila toleo la PHP lina ukurasa wake wa kuhama kwenye php.net. Usome kabla ya kugusa seva. Soma maonyo. Nasema tena, soma maonyo, usiyazime.

Leo usiku fungua faili lako la kwanza, futa error_reporting(0), weka error_reporting(E_ALL), inayoruhusu maonyo yote, kwenye laptopu yako, kisha nitumie orodha ya yote yatakayotokea. Tutaanza na la juu kabisa.