Kusafisha sensa ya hewa bila kuiua

Swali: Fundi, gari langu linatetemeka likiwa silensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), nikikanyaga mafuta linasita kwanza ndipo linaondoka. Mashine ya kupima imetoa kodi (namba ya hitilafu) P0101, nikaambiwa sensa ya hewa imechafuka. Je, naweza kuisafisha nyumbani kwa petroli na pamba?

Jibu: Kuisafisha unaweza, ila petroli na pamba viweke mbali.

Ukiichomoa sensa hiyo ukaitazama kwenye mwanga, ndani ya kitundu chake utaona waya mwembamba kama unywele. Nyingine zina kijibamba chembamba. Injini ikiwaka, umeme huupasha waya huo moto na hewa inayopita huupoza. Umeme unaohitajika kuurudisha kwenye joto lake ndio unaoiambia kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, hewa iliyoingia ni kiasi gani, nayo inapima mafuta kwa hesabu hiyo. Vumbi lenye oili likiuganda waya, hesabu inakuwa ya uongo.

Ndiyo maana haugusiki. Niliwahi kuletewa sensa iliyosuguliwa kwa mswaki: plastiki inang'aa, waya umekatika. Dawa za kabureta na za breki nazo achana nazo, ni kali kwa plastiki na nyingine huacha utando. Nunua kopo lililoandikwa kuwa ni la sensa za hewa.

Zima gari, toa ufunguo, subiri injini ipoe, kwa maana dawa hii hushika moto. Sensa utaikuta kwenye bomba la hewa, ukitoka tu kwenye boksi la ekleana, yaani kichujio cha hewa. Bonyeza kishikizo cha plagi uichomoe, usivute nyaya. Skrubu zake mara nyingi zina kichwa cha nyota. Tafuta bisibisi yake halisi. Kisha pulizia waya mara 10 hadi 15, mrija wa kopo usiuguse, na umalizie kwenye ule ushanga mdogo unaopima joto la hewa. Iache ikauke yenyewe, bila kompresa. Mimi husubiri dakika 30, kwa sababu ukiwasha ingali mbichi, waya unapata moto ukiwa na dawa juu yake. Unapoirudisha, hakikisha oringi, yaani mpira wake wa duara wa kuziba, imekaa na mshale ulio kwenye sensa unaelekea injini. Futa kodi, kisha uliendeshe.

Sasa tafuta uchafu ulitoka wapi, la sivyo utarudia kazi hii. Angalia ekleana. Kama ni ile ya kuoshwa na kupakwa oili, oili ikizidi hunyonywa moja kwa moja hadi kwenye waya. Pia ukunje kwa mkono mpira wa hewa unaotoka kwenye sensa kwenda injini, maana ufa hupenda kujificha kwenye mikunjo. Hewa inayoingilia hapo haijapimwa na sensa, na gari litasita vilevile hata sensa iwe mpya. Mpira ukiwa mzima na kodi ikarudi, pima nyaya za plagi ya sensa kabla hujanunua sensa nyingine.